Asiransi imekataa kulipa manjanja yako? Soma barua yao mara ya pili

Barua ya kukataa huwa fupi. Ukurasa mmoja, Kifaransa kizuri, kashe chini, na katikati sentensi moja tu: "dommages non couverts par la police". Mutu anaisoma, anaikunja, anaiweka ndani ya sanduku pamoja na kontra, kisha anaenda kukopa feza kwa shemeji ili anunue manjanja mengine. Juu tumezoea hivyo: bampuni ikisema hapana, basi ni hapana.

Lakini barua ile si hukumu. Ni maoni ya upande mmoja wa mkataba, na upande ule ndio wenye kushika feza. Wewe uko upande wa pili, na una haki ya kusema: hapana, mimi nasoma mkataba huu kwa namna ingine, na hizi ndizo alama zangu.

Msimu huu wa mvua, watu wawili wa asosiasi yetu waliniletea barua za namna hiyo. Waliniletea mimi juu nilisoma agronomia, wanajua nashugulika na mvua na upepo. Siko avoka. Lakini nilipozisoma niliona kama sehemu kubwa ya ugomvi haiko ya sheria, iko ya upepo, misumari na hesabu. Hiyo ninaweza kuieleza.

Tuanze na sheria kidogo, haraka. Kwa miaka mingi, tangu 1966, hapa kwetu asiransi ilikuwa SONAS peke yake. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, ile inayoitwa Code des assurances, ndiyo ilifungua soko, na ikaweka ARCA, mamlaka ya kusimamia na kukontrole bampuni za asiransi. Tangu 2019 kuko bampuni za watu binafsi, na mabenki mengi yanadai asiransi ya nyumba kabla ya kukupa mkopo wa kujenga. Ndiyo maana siku hizi hata mwalimu au infirmier wa kawaida anajikuta na "multirisque habitation" ambayo hajasoma hata ukurasa wa kwanza. Aliweka sinyatire juu benki ilisema weka.

Halafu kuko sheria ya zamani zaidi, dekre ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ile tunayoiita Livre III ya Code civil. Ni ya wakati wa Léopold, lakini tribinali zetu bado zinaitumia kila siku. Ndani yake chukua mambo mawili. La kwanza: mkataba uliofungwa kihalali ni sheria kwa wale walioufunga. Hii inakata pande zote mbili, wewe na wao. La pili: anayedai ndiye anayepaswa kuonyesha deni, na anayesema hana deni tena ndiye anayepaswa kuonyesha kwa nini. Kwa asiransi maana yake ni hii: wewe unaonyesha kontra ilikuwa hai, upepo ulipita, na nyumba iliharibika. Wakisema "lakini kuko kipengele kinachotuondoa", mzigo wa kukionyesha uko kwao. Kuandika tu neno "exclusion" haitoshi.

Watu wengi hawajui jambo hili la pili. Wanajibu barua kwa kulia: mimi mjane, nina watoto sita, nimelipa miaka mine. Yote kweli, na inaumiza, lakini haijibu chochote. Jibu linaanza na swali: ni kipengele gani, ukurasa gani, na alama yenu ni ipi?

Sasa tuje kwa upepo wenyewe.

Mikataba mingi ya Kifaransa inaandika dhoruba kwa maneno yanayofanana, juu inaigana. Inasema hivi, kwa ufupi: asiransi inalipa uharibifu wa upepo ikiwa nguvu ya upepo ule ilivunja au iliharibu majengo kadhaa yaliyojengwa vizuri katika komini ile au komini jirani. Kisha inaongeza: kukiwa na ubishi, kama "complément de preuve", mwenye nyumba anaweza kuleta karatasi ya stesheni ya meteo ya karibu inayoonyesha upepo ulipita kilometa 100 kwa saa.

Soma tena pale. Alama ya kwanza ni majengo ya majirani. Karatasi ya meteo ni ya kuongezea tu. Katika barua mbili nilizosoma, bampuni ilikuwa imegeuza: ilishika kilometa 100 kama mlango wa kuingilia, majirani haikuwataja kabisa. Kontra yako inaweza kuwa na maneno tofauti, kwa hiyo usichukue ya kwangu ukaenda nayo, soma yako. Lakini ikiwa imeandikwa namna hiyo, basi picha za paa tano zilizong'oka kwenye avenue yako zina uzito kuliko namba ya stesheni.

Na hiyo namba yenyewe inatoka wapi? Kwetu Lubumbashi, mara nyingi inatoka uwanja wa ndege wa Luano. Pale wanapima upepo kwa ajili ya ndege, wanatuma ripoti fupi inayoitwa METAR, na ripoti hizo zinahifadhiwa, mutu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitafuta kwa kodi ya uwanja, FZQA. Upepo unaandikwa kwa nodi. Ukiona 24025G48KT, maana yake upepo unatoka upande wa nyuzi 240, kusini-magharibi, wastani nodi 25, na herufi G inaonyesha mpigo mkali wa ghafla, nodi 48. Nodi moja ni kilometa 1.852 kwa saa. Kwa hiyo wastani ni kilometa 46, lakini mpigo ni karibu kilometa 89.

Hapa ndipo mzee mmoja wa Katuba alikuwa amekwama, na mfano wake unafundisha. Barua aliyopewa ilisema "vent enregistré: 46 km/h", basi si dhoruba, kwaheri. Tulipotafuta ripoti ya saa ile, ilikuwa na G48. Eksperi alichukua wastani wa dakika 10 akauacha mpigo. Sijui kama ni haraka ao ni kusudi, na sitasema. Lakini paa haing'olewi na wastani. Inang'olewa na sekunde tatu. Kilometa 89 kwenye ngazi ya Beaufort ndiyo mwanzo wa daraja la 10, pale miti inang'oka na mizizi yake na majengo yanaumia kweli.

Mtasema: 89 haifiki 100. Kweli. Ndiyo maana hatukusimama hapo. Luano iko kaskazini-mashariki ya mji, Katuba iko upande wa pili, kusini. Dhoruba zetu za Novemba na za Machi haziko kama zile za Ulaya zinazofunika nchi nzima kwa siku mbili. Zetu ni za mawingu ya radi: hewa baridi inaanguka kutoka juu pamoja na mvua, inapiga chini, inasambaa pande zote. Wanaosoma hali ya hewa wanaita microburst ile yenye upana usiofika kilometa 4. Inaweza kubomoa kartie moja, na kartie ya jirani watu wanaendelea kunywa chai. Basi kipimo cha Luano kinasema ukweli juu ya Luano. Tena METAR nyingi zinatoka kwa saa. Mpigo ukipita katikati, pengine hauandikwi popote.

Sisi wa agronomia tunalijua shida hili kwa jina lingine. Kenya, mwaka 2009, walianzisha kule Laikipia bima ya mazao iliyoitwa Kilimo Salama, inayolipa kufuatana na mvua iliyopimwa kwa stesheni. Ukiwa mbali na stesheni, shamba lako linaweza kukauka wakati mashine inasema mvua ilinyesha. Lakini pale mkulima alikubali tangu mwanzo kwamba stesheni ndiyo itaamua. Asiransi ya nyumba haiko hivyo. Inalipa hasara yako, haiuzi namba ya mashine.

Mzee alifanya nini? Alipita kwa majirani wake kumi na moja walioumia siku ile ile, akachukua picha, akaomba chef wa kartie atoe attestation yenye tarehe na saa, na orodha ya nyumba. Mbili kati ya hizo zilikuwa nyumba za matofali ya kuchoma, paa imara, hata mutu wa bampuni hawezi kusema ni kibanda. Hapo ndipo walikubali kutuma eksperi wa pili.

Eksperi wa pili hakuzungumza tena habari ya upepo. Alipanda juu akaangalia misumari. Hii nayo ni vita yake.

Hesabu ndogo kwanza. Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mbio yake. Mbio ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara ine. Kwa kilometa 50 kwa saa, upepo unasukuma kama kilo 12 kwa kila metre carré. Kwa kilometa 100, ni kilo 48. Na ukipita juu ya paa haisukumi chini, inanyonya kwenda juu, sana sana pembeni na kwenye kilele. Njanja nyembamba tunazonunua hapa zina uzito wa kilo 2 ao 3 kwa metre carré. Kwa hiyo uzito wake si kitu. Kinachoshika ni msumari, na mbao chini ya msumari. Na yale mawe tunayoweka juu ya paa? Jiwe la kilo 10 kwenye njanja inayovutwa kwa kilo 40 kila metre ni la kuua mutu tu likianguka.

Bampuni zinajua hesabu hii. Ndiyo maana kontra nyingi zinaondoa paa za njanja ambazo hazikufungwa kwa tire-fond ao boulon ao kulabu, na majengo ambayo sehemu kubwa ni mbao na bâche. Ikiwa kontra yako ina kipengele hicho, na paa yako ilikuwa ya misumari ya kawaida tu, nitakuambia ukweli: utashindwa, ao utapata kidogo. Bado unaweza kuuliza jambo moja. Kabla ya kuweka sinyatire, kuko mutu wao aliyekuja kuangalia nyumba? Ikiwa alikuja, akaona paa, akaandika "toiture en tôles, bon état", na wakachukua prime miaka mine, ile karatasi ya ukaguzi ni ya thamani kubwa. Iombe.

Neno lingine wanalopenda ni "défaut d'entretien", yaani hukutunza. Na neno jirani yake, "vétusté", yaani uzee. Haya mawili wanayachanganya, na ukiwaacha wayachanganye umepoteza. Uzee unapunguza bei. Njanja za dola 2,400 zilizo na miaka, wakihesabu uzee wa asilimia 30, watalipa 1,680. Sawa, ndivyo kontra inasema, lipeni 1,680. Lakini uzee hauzuii kulipa. Kutotunza ndiyo inaweza kuzuia, ikiwa ndiyo ilileta uharibifu. Sasa mbao iliyooza na mchwa kona moja ya nyuma, na upepo uling'oa upande wa mbele wote ambao mbao zake ni nzima: kona ile ina husiana nini na mbele? Huko Uingereza kuko ofisi ya kusikiliza malalamiko, Financial Ombudsman Service, na kwa kesi za dhoruba inauliza maswali matatu kwa mpango: dhoruba ilikuwepo? Uharibifu huu unafanana na ule dhoruba inaleta? Na dhoruba ndiyo sababu kubwa? Haina nguvu yoyote kwetu, lakini mpango ule ni mzuri kwa kuandika barua. Unamlazimisha eksperi aseme wazi ni swali gani anakataa.

Kwa swali la tatu, vitu vinavyosaidia ni vile tunavyotupa siku ya kwanza. Njanja iliyopinda. Msumari uliong'oka na kipande cha mbao safi bado kimeshika: ile inaonyesha mbao ilikuwa nzima, nguvu ndiyo ilishinda. Msumari uliotoka peke yake, umeshika kutu na unga wa mbao, unasema kinyume. Piga picha karibu, weka vipande kwa mfuko, usimpe mutoto wa jirani auze kwa wanunuzi wa vyuma. Funika paa kwa bâche hata usiku ule ule, juu kontra inakudai upunguze hasara, na maji yaliyoingia mara nyingi yanalipwa tu ikiwa yaliingia ndani ya saa chache baada ya paa kufunguka, wengine wanaandika 48, wengine 72. Tunza fakture ya bâche. Ita fundi wa charpente atoe devi yenye vipimo na jina lake, si karatasi ya "manjanja + kazi = 3,000 $". Ukiwa na uwezo, ita huissier aandike PV ya alichoona. Inagharimu, lakini ni ngumu kuipinga.

Na mapema: kontra ina siku za kutangaza hasara, mara nyingi chache sana. Tangaza kwa karatasi, uchukue nakala yenye "reçu", tarehe na sinyatire. Kupigia ajenti simu na kusikia "sawa mama, nimeandika" si kutangaza.

Kuko pia hesabu ambayo inashangaza hata watu wenye licence. Tuseme nyumba ina thamani ya dola 45,000, lakini siku ya kuweka sinyatire ulitangaza 30,000 ili prime iwe ndogo. Hasara ni 6,000. Watasema ulikatia theluthi mbili tu, basi tunalipa theluthi mbili: 4,000. Toa franchise ya 200, inabaki 3,800. Ikiwa "règle proportionnelle" iko kwenye kontra, si wizi. Lakini angalia 45,000 ameitoa wapi. Eksperi akipandisha thamani ya nyumba, malipo yako yanashuka. Mara nyingi wanaingiza kiwanja ndani ya thamani, na kiwanja hakiruki na upepo.

Basi barua yako iandikeje? Fupi kuliko unavyofikiri. Namba ya polisi, namba ya hasara, tarehe ya barua yao. Omba vitu vitatu: kipengele kamili wanachoshika, ripoti nzima ya eksperi pamoja na picha zake, na nakala ya conditions générales ikiwa hukupewa, na wengi hawakupewa. Kisha alama zako, kila moja na namba ya annexe. Mwisho, sema unataka nini: walipe kiasi fulani, ao wakubali contre-expertise. Weka tarehe ya jibu. Usiandike matusi, usiandike "mutaona". Peleka na upate accusé de réception.

Contre-expertise maana yake unaleta eksperi wako, unamlipa mwenyewe. Wawili wasipopatana, kontra nyingi zinasema wanachagua wa tatu, gharama yake nusu kwa nusu. Kwa hasara ya dola 800 haina maana, gharama itakula yote. Kwa 5,000 inafaa. Eksperi anaweza kuwa ingenieur wa bâtiment unayemjua, na kati yetu humu wako. Hakuna aliyesema lazima awe mutu wa Kinshasa mwenye kravati.

Wakinyamaza ao wakirudia sentensi ile ile, andika kwa ARCA, weka dosye yote. ARCA haiko tribinali, haitakuandikia sheki. Lakini ndiyo inasimamia agrément yao, na kulinda wenye asiransi iko ndani ya kazi yake. Bampuni ambayo haikujibu mzee wa Katuba inaweza kujibu ARCA. Usikae hapo miezi na miezi, lakini: haki ya kushtaki ina mwisho wake wa muda, na kulalamika kwa ARCA usihesabu kama kumesimamisha saa. Mwulize avoka tarehe yako ya mwisho mapema, kabla hata hujamwomba akutetee, na mwombe akusaidie kutuma mise en demeure. Hiyo karatasi moja, ikiwa na ripoti ya eksperi wa pili nyuma yake, mara nyingi ndiyo inafungua mfuko.

Mzee alilipwa 3,100 kati ya 5,400 alizoomba. Walikata uzee, wakakata franchise, wakakataa ukuta wa nyuma ambao, tuseme ukweli, ulikuwa na ufa tangu zamani. Alikubali. Kabla ya kuweka sinyatire kwenye "quittance" alimwomba avoka aisome, juu karatasi ile ilikuwa imeandikwa "pour solde de tout compte" na dari ya saluni ilikuwa bado haijahesabiwa. Waliongeza mstari mmoja wa dari, kwa mkono, pande zote mbili zikaparafe pembeni.